Kwa nini vitwitwi huacha chakula?

Mwanafunzi mmoja wa upande wa Shinkolobwe ameniletea swali lililonipendeza. Alifuatana na mjomba wake kununua samaki katika ziwa la Tshangalele, mashariki ya Likasi. Wakawakuta vitwitwi wengi wakidonoa matopeni. Mara wakaruka wote pamoja, wakageuka huku na huku juu ya maji kama nguo inayokung'utwa, wakaenda zao ng'ambo. «Mwalimu, chakula kilikuwa tele, mbona walikiacha?» Mjomba alikuwa amemjibu kwamba ndege hawana akili. Namheshimu mjomba, lakini kwa neno hili sikubaliani naye.

Ziwa lile lilitokea mwaka 1930, kampuni ya Union Minière ilipouzuia mto Lufira kwa ukuta kule Mwadingusha, ipate umeme wa migodi. Maji yakipungua, huacha matope mapana yenye wadudu wengi. Kati ya vitwitwi tunaowaona, wengi huzaliwa Ulaya na Asia, nao hurudi huko mwezi wa Machi na Aprili. Yule anayetikisa mkia daima ana uzito wa gramu 50 hivi tu. Kabla ya kuondoka hana budi kujaza mafuta mwilini, ndiyo posho yake ya njiani.

Hapo ndipo penye mashaka. Ndege aliyenona hachomoki upesi, na kozi ajua hayo. Kozi naye hupenda kutokea ghafula, akija chinichini nyuma ya miti. Basi kitwitwi hupima daima: ale sana awe mzito, au ale kidogo awe mwepesi? Asimame karibu na miti penye chakula kingi, au mahali peupe anapoweza kumwona adui kwa mbali? Wakiwa kundi, macho ni mengi, na hatari ya kila mmoja hupungua.

Jambo hili lilionekana wazi kule Kanada. Dawa ya kuua wadudu, DDT, iliwaingia kozi kwa njia ya ndege waliowala. Maganda ya mayai yao yakawa membamba, yakavunjika. Marekani iliikataza mwaka 1972, na kozi wakaongezeka tena. Kisha katika kisiwa kidogo cha Sidney hesabu ya vitwitwi ikaanza kushuka. Nani asingesema kwamba wanakufa? Lakini mwaka 2004 Bwana Ydenberg wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, pamoja na wenzake, walieleza vingine: kwa kuwa kozi wamerudi, vitwitwi hukaa pale siku chache kuliko zamani, tena huondoka wakiwa wepesi. Fikiri nyumba ya wageni. Wakija wageni mia, kila mmoja akalala usiku mmoja badala ya minne, siku ya hesabu utakuta vitanda vitupu, wala hakuna aliyekufa.

Hayo yatuhusu. Ndege wa maji huhesabiwa katika nchi nyingi za Afrika kila Januari. Hesabu ya pwani moja ikishuka, vidole huelekezwa kwa wavuvi upesi mno. Huenda kweli wana sehemu yao: mbwa, manati ya watoto na mitumbwi huwarusha ndege kama kozi awarushavyo, na kila kuruka hula posho ile. Lakini kabla ya kumfukuza mvuvi mahali anapowapatia watoto wake chakula, na tuulize kwanza ndege wamekwenda wapi, na kando ya matope pameota nini.

Maana shule zetu hupenda kupanda mikalitusi ukingoni mwa maji. Mimi pia napenda miti, hasa katika Katanga hii ambayo makaa yanaimaliza misitu yake. Lakini safu ya miti kandokando ya matope ni pazia la kozi. Ipandwe juu, penye ardhi kavu, matope yaachwe wazi.

Wengine huniambia: «Basi tumwue kozi.» Hapana! Naye ana makinda ya kulisha. Na mayai yake ndiyo yaliyowaonya watu juu ya sumu iliyokuwa ikiingia hata katika chakula chao.

Nawe mwanangu, safari nyingine vitwitwi wakiruka, usiwafuate wao kwa macho. Geuka utazame mitini nyuma yako, kisha uniandikie umeona nini.