‘Do’ na ‘make’ si kipimo cha akili ya mtu

Jaribu kukiri mbele ya Wakenya kwamba ‘I did a mistake’. Kosa lenyewe litasahaulika papo hapo. Watu watarukia hiyo ‘did’, wakuambie ni ‘made’, na kufikia jioni maneno yako yashazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na vicheko kibao.

Sasa wageukie hao wanaocheka uwaulize: kwa nini ni ‘made’? Wengi watakukodolea macho tu. Watakwambia ndivyo inavyosemwa. Basi.

Darasani tulipewa kanuni moja: ‘do’ ni ya kitendo, ‘make’ ni ya kuunda kitu ambacho hakikuwepo. Kanuni tamu, na inakupeleka hatua mbili tatu. Keki ni ‘make’ kwa sababu haikuwepo. ‘Homework’ ni ‘do’ kwa sababu mwalimu alishaiandaa. Poa. Halafu asubuhi unaambiwa ‘make your bed’. Kitanda gani tena? Si fundi wa Gikomba alishakiunda, ukalipa, ukakibeba kwa mkokoteni hadi kwako? Ukifanya biashara na mtu ni ‘do business’, lakini mkielewana bei ni ‘make a deal’. Kumsaidia mtu ni ‘do a favour’, kumwahidi ni ‘make a promise’. Hapo kanuni ishavunjika miguu.

Ukweli ni kwamba kanuni kamili haipo. Aliyezaliwa ndani ya Kiingereza hakuikariri popote. Alikua akisikia maneno fulani yakitembea pamoja, akayazoea. Na haya mawili yamebebeshwa mzigo mkubwa ajabu. Hebu ona Kiswahili kinavyougawa. ‘Make the bed’ ni kutandika. ‘Make tea’ ni kupika chai. ‘Make friends’ ni kupata marafiki. ‘Make peace’ ni kupatana. ‘Make sure’ ni kuhakikisha. ‘Make it’, ile ya maisha, mtaani tunaiita kuomoka. Ukienda kwa ‘do’ ni vilevile: vyombo vinaoshwa, nywele zinasukwa, kifungo kinatumikiwa, na ‘that will do’ ni yatosha.

Mahali pengine hatuhitaji hata neno. ‘You make me laugh’ kwetu ni unanichekesha. Tumeongeza herufi chache kwenye kucheka, kazi kwisha. Na kwenye ‘Do you know me?’ hiyo ‘do’ haina kitendo chochote. Iko hapo kushikilia swali tu, kama ‘je’ yetu.

Si sisi peke yetu tunaojikwaa. Mfaransa ana ‘faire’ na Mhispania ana ‘hacer’, neno moja linalobeba sehemu kubwa ya kazi za yote mawili. Wakijifunza Kiingereza nao hukwama palepale tunapokwama. Kwa hivyo kuchanganya ‘do’ na ‘make’ si ushamba. Ni dalili tu kwamba una lugha nyingine kichwani.

Ningeacha mambo hapo kama ingekuwa ni vicheko tu. Shida ni kwamba watu wanakosa unga. Namjua jamaa mmoja wa mtaa wetu, fundi wa stima, mkono wake hauna mchezo. Aliitwa intavyuu na kampuni fulani. Akaulizwa angefanya nini akikuta waya umeungua ndani ya ukuta. Akajibu hatua kwa hatua, lakini kwa ile ‘I will make the work’ na ‘I do a decision’. Anasema walitazamana, wakatabasamu, na kuanzia hapo hakuna aliyeuliza swali lingine la stima. Kazi hakupata. Huenda kulikuwa na mwingine bora kumliko, siwezi kuapa. Lakini waya haujui Kiingereza. Na Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Kwa nini basi hakuna aliyemwambia, ‘Ndugu, tueleze kwa Kiswahili’?

Tumelitoa mbali hili. Ngũgĩ wa Thiong’o alieleza katika kitabu chake cha 1986, Decolonising the Mind, jinsi watoto shuleni walivyopokezana kitufe: ukinaswa ukiongea lugha ya mama, unabaki nacho, na jioni unaadhibiwa. Siku hizi kitufe ni ‘screenshot’, na tunapokezana wenyewe bila kulazimishwa.

Halafu geuza meza. Mzungu akisema ‘mimi nataka kufanya simu’, tunampigia makofi, tunamrekodi, anapata ‘likes’ kama zote. Hakuna anayemwambia ajifunze kwanza. Na Kiswahili kina mitego yake pia. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga kura, tunapiga chafya, na hakuna aliyechapwa hapo. Mgeni akikosea tunaelewa kwamba lugha ina njia zake. Uelewa huo mbona tunamnyima mtoto wa Kayole?

Sisemi Kiingereza kitupwe. Mimi niliacha chuo, na kazi nyingi za kuandika zinazonilipia kodi ni za Kiingereza. Kijifunze, tena vizuri. Lakini usipoteze usingizi ukitafuta kanuni. Shika maneno yakiwa mawili mawili, ‘make a call’, ‘do a favour’, vile ulivyoshika piga simu na piga pasi bila kuuliza nani kapigwa.

Na ukishakishika, usikirudishe nyumbani kizima kizima. Siku hizi utasikia watu ‘wanatengeneza pesa’. Kwa Kiswahili nilichokulia, anayetengeneza pesa ana mashine ya noti feki chini ya kitanda na DCI wanamsaka. Pesa tunazichuma, tunazitafuta, tukibahatika tunazipata. Vilevile tunaamua, hatuna haja ya ‘kufanya maamuzi’ kila saa.

Kwa hivyo ukisikia mtu amesema ‘I did a mistake’, sikiliza kwanza ni kosa gani analokiri. Ukitaka kumrekebisha, mvute kando umwambie baadaye, mkiwa wawili. Na kama wewe ndiwe umekaa upande ule mwingine wa meza ya intavyuu, umeshika kalamu, muulize kuhusu ule waya.