Mcheza Kwao Hutunzwa: Methali Iliyokatwa Nusu

Tangu Septemba 2023, Shirikisho la Mpira wa Miguu la Afrika lilipoamua kuwa Kenya, Uganda na Tanzania ziwe wenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, methali moja haikupata kupumzika vinywani mwetu. Watangazaji huitamka, viongozi huikariri majukwaani, na abiria wa daladala huitumia kufunga mjadala: mcheza kwao hutunzwa. Maana wanayoikusudia ni nyepesi. Uwanja utakuwa wetu, mashabiki watakuwa wetu, hali ya hewa tumeizoea. Basi Taifa Stars itafika mbali. Mimi nafundisha Kiswahili, na kazi hiyo hunilazimisha kuuliza neno lina maana gani kabla ya kuikubali hoja iliyojengwa juu yake. Nasema kwamba methali hii inatumiwa vibaya, wala ubaya huo si wa lugha peke yake. Umeingia katika namna tunavyoipima timu yetu, na katika namna tunavyotumia fedha zetu.

Kitenzi kutunza kina maana mbili. Maana moja ni kumpa mcheza ngoma zawadi hadharani, kama ifanywavyo arusini, fedha ikabandikwa kipajini pake mbele ya wote. Maana nyingine ni kulea, yaani kuangalia kitu kwa makini kisiharibike. Katika methali maana hizi mbili hazitengani. Mcheza ngoma hutunzwa kwao kwa sababu kwao ndiko alikojifunza hatua zake. Wanaompa zawadi leo ndio waliomwona akijikwaa utotoni, wakamcheka kidogo na kumsahihisha sana. Zawadi ni mwisho wa malezi, si badala yake. Tena tazama kiambishi hu-: chaeleza jambo la desturi, wala hakielezi tukio la siku moja. Sisi tumeichukua zawadi tukayaacha malezi, kisha twashangaa kwamba ngoma haichezeki.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Taifa Stars imefika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mara nne: Nigeria mwaka 1980, Misri mwaka 2019, Côte d'Ivoire Januari 2024, na Morocco Desemba 2025 hadi Januari 2026. Kati ya safari ya kwanza na ya pili ilipita miaka 39, umri wa mtu mzima mwenye watoto. Katika safari hizo nne imecheza michezo 13. Imetoka sare mitano na kushindwa minane. Haijapata kushinda hata mmoja. Imefunga mabao tisa na kufungwa 23. Kule Morocco tuliingia hatua ya timu 16 kwa mara ya kwanza, tukafurahi, nasi tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini tuliingia kwa pointi mbili, kwa sare na Uganda na sare na Tunisia. Hatua ni hatua. Hata hivyo, mwenyeji wa 2027 atafungua milango yake hali ushindi katika fainali hizi hajauonja bado.

Tuwatazame sasa wachezaji wenyewe. Nguvu ya timu hii iko nyuma. Ibrahim Hamad, ambaye mashabiki humwita Bacca, pamoja na Dickson Job na Bakari Mwamnyeto, ni walinzi ambao taifa lolote la ukanda wetu lingependa kuwa nao. Mabao tuliyofungwa yameshuka kutoka manane katika michezo mitatu ya 2019 hadi matano katika michezo minne ya safari ya mwisho. Hiyo ni kazi ya kweli, nayo yastahili sifa. Lakini tuulize walinzi hawa walitoka wapi. Bacca alitoka KMKM ya Zanzibar, Job alitoka Mtibwa Sugar, Mwamnyeto alitoka Coastal Union ya Tanga. Yanga iliwanunua wakiwa wamekwisha kuiva. Waliowaivisha ni wale wasiotajwa siku ya sherehe. Katikati ya uwanja tuna Feisal Salum, mtoto wa Zanzibar aliyepitia Yanga na Azam, ambaye bao lake ndilo lililotupa sare na Tunisia. Tuna pia Novatus Dismas, kijana aliyezaliwa 2002 na aliyekwisha kucheza Ubelgiji, Ukraine na Uturuki. Kiungo huyu peke yake atosha kuwa sababu ya matumaini.

Mbele ndiko penye msiba. Tangu 2019 Taifa Stars imefunga mabao sita katika fainali hizi. Matatu kati ya hayo amefunga mtu mmoja, Simon Msuva: dhidi ya Kenya, dhidi ya Zambia, na kwa penalti dhidi ya Uganda. Moja ni la Mbwana Samatta, moja la Feisal, na moja la Charles M'Mombwa aliyepitia ligi ya Australia. Msuva alizaliwa 1993. Samatta alizaliwa 1992. Mwaka 2015 alikuwa mfungaji bora wa Ligi ya Mabingwa ya Afrika akiwa na TP Mazembe, na mwaka 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kufunga bao katika Ligi Kuu ya Uingereza. Heshima yake haifutiki. Lakini heshima haipunguzi miaka, na fainali za 2027 zitamkuta katika mwaka wake wa 35. Nyuma yao yupo Clement Mzize, aliyezaliwa 2004, na yupo Kelvin John, aliyezaliwa 2003. Baada ya hao wawili, nyumba ya washambuliaji imebaki na sauti ya mwangwi.

Kwa nini tuna walinzi na hatuna wafungaji? Jibu limo katika ligi yetu. Kanuni za miaka ya karibuni zimeiruhusu klabu kusajili wageni hadi 12. Klabu kubwa zikapeleka wageni hao mahali panapoleta makombe na kelele, yaani mbele. Msimu wa 2022/23 waliofunga mabao mengi zaidi katika Ligi Kuu walikuwa Fiston Mayele wa Kongo na Saido Ntibazonkiza wa Burundi. Msimu wa 2023/24 alikuwa Stephane Aziz Ki wa Burkina Faso. Msimu wa 2024/25 alikuwa Jean Charles Ahoua wa Côte d'Ivoire. Misimu mitatu mfululizo, hakuna Mtanzania. Mimi siwachukii wageni hao. Wamekuja kwa halali, wamecheza vizuri, nao wamewafundisha walinzi wetu kukaba. Ninaloshutumu ni mpango usiokuwa na upande wa pili. Kijana mshambuliaji wa Kitanzania aketiye benchi miaka minne hawezi kuamka siku moja akiwa mfungaji wa taifa kwa sababu tu fainali zinachezwa Dar es Salaam.

Wako watakaonijibu kwamba nyumbani ni nyumbani, na kwamba Côte d'Ivoire ilitwaa kombe kwake mwaka 2024. Nakubali. Lakini sisi nasi tumekwisha kuwa wenyeji, na jibu tunalo. Aprili 2019 tuliandaa fainali za Afrika za vijana wenye umri chini ya miaka 17. Serengeti Boys walicheza nyumbani, mbele ya mashabiki wao, wakafungwa na Nigeria 5-4, na Uganda 3-0, na Angola 4-2. Agosti 2025 tuliandaa, pamoja na majirani zetu hao hao, michuano ya wachezaji wa ligi za ndani. Tuliongoza kundi letu bila kushindwa. Kisha katika robo fainali, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa uliofurika watu, Morocco ikatufunga 1-0. Kelele za mashabiki humtia nguvu aliye nazo. Asiye nazo humtia hofu.

Morocco ndiyo kioo chetu, tena kioo kisichobembeleza. Kati ya Novemba 2023 na Januari 2026 timu zetu za taifa zimekutana nayo mara tano: Dar es Salaam, San-Pédro, Oujda, Dar es Salaam tena, na Rabat. Mara tano tumefungwa, na katika mara hizo tano hatukupata bao hata moja. Mwaka 2010 nchi ile ilizindua karibu na Rabat chuo cha kulea wachezaji kilichopewa jina la Mfalme Mohammed wa Sita. Miaka 12 baadaye, katika Kombe la Dunia la 2022, Morocco ilifika nusu fainali, na miongoni mwa waliocheza walikuwamo Youssef En-Nesyri, Nayef Aguerd na Azzedine Ounahi, wanafunzi wa chuo kile. Huo ndio utunzaji katika maana yake ya pili.

Hapo mpinzani wangu hodari ataninyoshea kidole: katika kikosi hicho hicho, wachezaji 14 kati ya 26 walizaliwa nje ya Morocco, basi kwa nini nasi tusiwatafute walioko nje, au tusiwape uraia wageni wazuri? Swali ni la haki, na majibu yake ni mawili. Mtoto wa Kitanzania aliyezaliwa ugenini, kama Haji Mnoga, mzaliwa wa Portsmouth, ni mtoto wetu, na kumwita nyumbani ni wajibu. Lakini Morocco iliwaita wa nje huku ikilea wa ndani. Mkono mmoja haukuwa kisingizio cha mwingine. Ama kuhusu uraia, Januari 2025 tulitangaziwa kwamba wachezaji watatu wa klabu moja, wenye asili ya Ghana, Côte d'Ivoire na Guinea, wamekuwa Watanzania. Sheria inaruhusu, nami sina ugomvi na watu hao. Ila taifa linalonunua mavuno badala ya kulima litanunua tena msimu ujao, na msimu utakaofuata, mpaka mkoba uishe.

Na mkoba, msomaji, tunao. Hatuwezi kulia umaskini. Tangu 2023 Ikulu imekuwa ikinunua kwa mamilioni ya shilingi kila bao ambalo klabu zetu zinafunga katika mashindano ya Afrika. Hapa Arusha mkataba wa kujenga uwanja wa watu 30,000 ulitiwa saini mwaka 2024, kwa gharama ya zaidi ya shilingi bilioni 280. Uwanja ni jambo jema. Lakini msimu wa Ligi Kuu wa 2025/26 ulichezwa bila timu hata moja kutoka Arusha. JKT Oljoro iliyotuwakilisha ilishuka daraja mwaka 2014. Tumejenga meza ya watu 30,000 kabla ya kuuliza nani atapika.

Mji huu, kati ya miji yote, haukupasa kukosea hivyo. Uwanja wake wa zamani unaitwa kwa jina la Sheikh Amri Abeid, mtu ambaye wanafunzi wetu humjua kwa kitabu alichokitoa mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Yeye alikuwa mshairi mwenye kipaji, na angeweza kutuachia diwani peke yake tukaisifu. Hakufanya hivyo. Alitangulia kuandika sheria ili kijana asiyejua vina na mizani apate pa kuanzia. Aliamini kwamba kipaji hufundishwa njia. Tumeliandika jina la mwalimu langoni, kisha humo ndani hatukuweka darasa.

Ninakoishi mimi, katika kata ya Elerai, watoto wanacheza kandanda katika nafasi zinazobaki kati ya nyumba na nyumba, na kila mwaka nafasi hizo zinapungua. Sidai kwamba kila mmoja wao ni Samatta. Nadai kwamba hatuna njia ya kumjua aliye Samatta. Michezo ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, ni ya majuma machache, na kijana akirudi nyumbani na kikombe chake hakuna amsubiriye.

Basi nasema yanayowezekana. Kila klabu ya Ligi Kuu ilazimishwe kuwachezesha vijana wa nyumbani wenye umri chini ya miaka 21 kwa dakika zinazohesabiwa, na klabu isiyotimiza ipunguziwe idadi ya wageni. Klabu ndogo iliyomlea mchezaji ilipwe fungu lake kila anapouzwa, ili Mtibwa na Coastal za kesho zisife njaa. Nusu ya fedha inunuayo mabao ilipe mishahara ya makocha wa watoto mikoani. Na uwanja mpya wa Arusha, fainali zikiisha, uwe na shule ya mpira yenye mabweni na madarasa ya masomo, wala usiachwe uwe mahali pa matamasha.

Mwaka 2027 tuitake Taifa Stars ushindi wake wa kwanza katika fainali, na ikiwezekana hatua ya timu 16 kwa mara ya pili. Anayeahidi kombe anaipa timu mzigo ambao hakuifundisha kuubeba, naye akishindwa atawalaumu vijana. Mtoto mwenye miaka 13 mwaka huu wa 2026 atakuwa na miaka 22 mwaka 2035. Huyo ndiye tunayeweza kumtunza kwa maana zote mbili, kwanza kwa kumlea na baadaye kwa kumtuza. Tukimwacha, methali yetu itabaki nusu, na nusu tuliyobaki nayo ni ile inayotumia fedha.