Wanafunzi wa Sondu na waujue mto wao

Kila mwaka shule nyingi za kwetu huwachangisha wazazi fedha ili wanafunzi wapelekwe Mombasa kuiona Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593. Safari hiyo ina faida yake. Hata hivyo, ni ajabu kwamba mwanafunzi wa Sondu aweza kuutaja mwaka huo bila kusita, na asijue mto upitao kando ya soko lake watoka wapi na waishia wapi.

Mto Sondu huteremka kutoka nyanda za juu za Mau, hukata nchi ya Wakipsigis, hupita Sondu na maporomoko ya Odino huko Nyakach, kisha humwaga maji yake katika Ghuba ya Winam. Msimu wa mvua, samaki aitwaye ningu hutoka ziwani akaupanda mto kwenda kutaga mayai. Tangu mwaka wa 2008 sehemu ya maji hayo hupitishwa katika handaki ili kuendesha mitambo ya umeme wa megawati 60. Matembezi ya siku moja yatosha kufundisha jiografia, biolojia na fizikia, na watoto wakapunga upepo wa ziwa.

Upande wa Kendu Bay kuna ziwa dogo la Simbi Nyaima. Wazee husimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji ambacho watu wake, wakiwa katika karamu, walimfukuza bikizee mgeni aliyeomba hifadhi. Usiku uo huo kijiji kikazama. Huko Migori zipo kuta za Thimlich Ohinga, zilizopangwa kwa mawe matupu pasipo saruji, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2018.

Lakini lipo jambo zito zaidi ya elimu ya vitabuni. Sondu iko mpakani mwa Kisumu na Kericho. Waluo na Wakipsigis huuziana samaki, nafaka na mifugo humo sokoni, lakini mji huu huvuma zaidi unapozuka ugomvi, kama ilivyokuwa mwaka wa 2023.

Kuna watakaosema kuwa amani ni kazi ya serikali na wazee. Naam, lakini askari hufika baada ya nyumba kuteketea, ilhali mwalimu humlea mtoto miaka mingi kabla hajashika silaha.

Kwa hiyo walimu wakuu wa pande zote mbili na wapange safari moja ya pamoja. Mtoto wa Kericho akaone yanakoishia maji ya kwao, na mwenzake wa Nyakach akaone yanakoanzia. Kisha waketi kando ya Simbi Nyaima, wajadiliane juu ya kijiji kilichomfungia mgeni mlango.