Daftari la Wiki: Geuza Jani Kwanza

Mdudu mharibifu wa mboga hutambulika kwanza kwa namna anavyokula. Anayetafuna huacha matundu na vinyesi vyeusi juu ya jani. Anayefyonza haachi tundu la kuonekana. Jani hukunjamana, hugeuka manjano na mara nyingi hunata. Wengi hujificha upande wa chini, kwa hiyo anayekagua bustani bila kugeuza majani hajakagua kitu.

Kwenye kabichi na sukuma wiki, msumbufu mkubwa ni kiwavi wa nondo mgongo-almasi. Ni mdogo, wa kijani, na hula jani kutoka chini akiiacha ngozi ya juu, hivyo jani hujaa vidirisha vyeupe. Akiguswa hujinyonganyonga akirudi nyuma, kisha hujiangusha na kuning'inia kwa uzi.

Vidukari, au wadudu mafuta kama wanavyoitwa na wakulima wengi, hukaa kwa makundi kwenye machipukizi. Sisimizi wakipanda na kushuka shina, huenda wanafuata utomvu mtamu wa vidukari. Katikati ya kundi huonekana wengine waliovimba, rangi ya kahawia, wakavu, pengine wenye kitundu cha duara mgongoni. Hao wameshauawa na nyigu mdogo sana aliyetaga mayai ndani yao. Jani la namna hiyo lisipuliziwe dawa. Kazi imeshaanza kufanywa bure.

Kwenye nyanya adui ni kantangaze, nondo wa asili ya Amerika ya Kusini aliyeingia Kenya na Tanzania karibu mwaka 2014. Mara nyingi huchanganywa na nzi mchora-majani, na kosa hilo ni la gharama kubwa. Nzi huacha mstari mwembamba uliopindapinda. Kantangaze huacha baka pana. Jani likiinuliwa kuelekea jua, baka huangaza kama karatasi nyembamba, na ndani yake huonekana kinyesi cheusi na pengine kiwavi mwenyewe akitembea. Baadaye hutoboa tunda, hasa karibu na kikonyo.

Mche uliokatwa usiku usawa wa ardhi ni kazi ya kiwavi aitwaye sota. Udongo ukifukuliwa kidogo pembeni ya mche huo, hupatikana amejikunja.

Utitiri mwekundu si mdudu. Ana miguu 8, na ni ndugu wa buibui. Majani yenye vidoa vingi vya manjano yakipigwapigwa juu ya karatasi nyeupe, nukta zinazotembea ndizo utitiri. Dawa nyingi za wadudu hazimuui, bali huwaua wanaomla, naye akazidi kuongezeka.

Kwa hiyo anayekwenda duka la pembejeo abebe jani pamoja na mdudu wake ndani ya kopo lenye mfuniko. Kusimulia tu hakutoshi kumpa muuzaji jina la mdudu.