Tuisheni ya Hisabati: Kwa wengine kidato cha tano kinaanza Februari

Kwenye kalenda ya serikali, kidato cha tano kinaanza Julai. Mtaani kinaanza Februari.

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka Januari, matangazo ya tuisheni hujaa kwenye nguzo za umeme na magrupu ya WhatsApp. Wanaowindwa ni vijana wanaosubiri kupangiwa shule, hasa wanaotaka PCM au EGM, tahasusi zenye Hisabati ya juu.

Siku shule zinapofunguliwa, darasa moja la bweni linakuwa na watu wa aina mbili. Yupo aliyepiga pindi miezi minne jijini Dar es Salaam, na yupo aliyekuwa shambani akisubiri mkeka wa TAMISEMI. Wote walifaulu mtihani uleule.

Pengo liko wapi?

Hisabati ya kidato cha nne haina kalkulasi. Ipo kwenye Hisabati ya Ziada, somo linalofundishwa katika shule chache tu. Kwa hiyo wengi wanakutana na difrensiesheni na intigresheni kwa mara ya kwanza wakiwa kidato cha tano, tena mwalimu akiwa anakimbizana na silabasi.

Lakini mara nyingi kinachowaangusha si mada mpya. Ni za zamani. Mwanafunzi anaijua kanuni ya intigresheni vizuri, ila swali linamtaka kwanza apitie hatua kadhaa za aljebra. Hapo anakwama. Aljebra aliyoikariri madarasa ya chini inamdai deni kidato cha tano.

Muda nao hautoshi. Kutoka Julai ya kidato cha tano hadi mtihani wa Mei wa kidato cha sita haifiki miaka miwili kamili, na humo ndani kuna likizo. Mwisho wa safari kuna karatasi mbili, kila moja saa tatu.

Alama mbili tu

Kwa viwango vya NECTA, alama 40 ni E, ambayo ndiyo ya chini kabisa kuhesabiwa kama ufaulu kamili wa somo. Alama 38 ni S. Kozi za uhandisi chuo kikuu kwa kawaida hudai ufaulu kamili wa Hisabati na Fizikia. Alama mbili zinaweza kumhamisha kijana kutoka kwenye ndoto ya uhandisi hadi kutafuta kozi yoyote itakayomkubali.

Kwa walio juu kabisa, tangu 2022 kuna ufadhili wa Samia Scholarship kwa wanaong'ara kwenye sayansi. Mwaka huohuo serikali ilifuta ada ya kidato cha tano na sita katika shule zake. Mlango umefunguliwa, ila kuanza mapema bado kunalipiwa na mzazi.

Tuisheni inasaidia nini hasa?

Moja, inafundisha kwa Kiswahili. Darasani na kwenye mtihani lugha ni Kiingereza. Kwenye tuisheni mwalimu anaeleza kwa lugha ya nyumbani, mwanafunzi anauliza bila aibu, kisha wanarudi kwenye swali kwa Kiingereza chake.

Mbili, inatoa muda wa kukosea. Hisabati inataka msuli wa kila siku, na kipindi cha dakika 40 hakimpi kila mtu nafasi ya kwenda ubaoni.

Ila si kila tuisheni ni tuisheni. Ipo ya watu mia ndani ya chumba kimoja, mwalimu anasovu mitihani iliyopita, wanafunzi wananakili. Kijana anatoka na daftari limejaa, lakini swali likibadilishwa namba na mpangilio, hana pa kuanzia. Mzazi anaweza kupima kwa urahisi: amwombe mtoto afanye swali moja la jana bila kufungua daftari.

Wasio na hela je?

Masomo ya bure yapo mtandaoni, lakini yanahitaji simu na bando. Na akishafika bwenini, shule za serikali haziruhusu simu. Kwa hiyo nafasi kubwa ya mtoto wa kijijini ni ileile miezi ya kusubiri, ambayo kwa sasa inapita bure.

Shule za kata zina madarasa yanayokaa wazi jioni na Jumamosi. Mtaani kuna wahitimu wa ualimu wa Hisabati wanaosubiri ajira. Halmashauri ikiwakutanisha na vijana hawa kuanzia Februari, kwa aljebra na trigonometria tu, pengo la Julai litapungua kabla halijageuka S.

Bila hivyo, mwalimu wa kidato cha tano ataendelea kuuliza siku ya kwanza, "Hii mmeshaisoma?" Nusu ya darasa itajibu ndiyo, naye atasonga mbele.