Usimzuie mtoto kupanda mlima kwa sababu ya pumu

WIKI iliyopita mama mmoja, mkazi wa Kambarage hapa Shinyanga, aliingia chumba changu cha kliniki akiwa na fomu ya shule mkononi. Darasa la mwanawe litakwenda Lushoto wakati wa likizo, na siku moja watatembea kwa miguu hadi Irente. Mtoto ana pumu. “Daktari, si bora nimwambie mwalimu huyu abaki nyumbani?”

Wazazi wengi hujiuliza swali hilo, ndiyo maana nalijibu hapa. Mtoto asibaki nyumbani. Lakini pia asiende akiwa katika hali aliyonayo leo.

Kwanza tuijue safari yenyewe. Kutoka Lushoto mjini hadi kilele cha Irente ni takribani kilomita sita. Familia yenye watoto hutumia kama saa moja na nusu hadi mbili kwenda, ikipita mashamba ya mboga, vijiji na miti. Mwishoni ardhi inakatika ghafla, na unaona tambarare ya Mkomazi chini kabisa. Mtoto ashikwe mkono hapo, maana ni genge. Mkoani Tanga pia kuna msitu wa Amani, wilayani Muheza, uliotangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Huko unatembea kivulini na kurudi kabla ya jioni.

Wengi huhofia hewa ya mlimani. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na Lushoto ni takribani mita 1,400. Tofauti hiyo ni ndogo. Hapa hatuzungumzii Kilimanjaro. Kinachomchosha mtu ni mwinuko wa njia, na kinachoweza kuamsha pumu ni baridi pamoja na kukimbia. Juni na Julai Lushoto ni baridi kweli.

Sasa turudi kwa yule mtoto. Nilipomuuliza mama, alisema mwanawe hukohoa usiku mara mbili au tatu kwa wiki, na akicheza mpira hukaa pembeni mapema. Dawa yake ni inhela ya bluu tu. Ile ya kuzuia, ya kutumia kila siku, waliiacha kwa sababu jirani alisema mtoto “atazoea”.

Mzazi mwenzangu, inhela haimfanyi mtoto kuwa mtegemezi. Ya bluu hufungua njia ya hewa kwa muda. Ile ya kuzuia hutuliza uvimbe ulio ndani ya njia hiyo, na ndiyo inayomwezesha mtoto kulala. Anayekohoa kila usiku hayuko salama hata kitandani kwake. Ukimnyima safari, pumu inabaki palepale. Umemwondolea furaha tu.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Mpelekeni kliniki angalau mwezi mmoja kabla ya safari. Aonyeshe anavyovuta dawa, kwa sababu watoto wengi huipulizia mdomoni ikaishia kwenye ulimi. Kama hakuna chemba ya kuvutia dawa, mhudumu wa afya anaweza kuwaonyesha namna ya kutumia chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako ili inhela iingie. Siku ya safari avae sweta, aanze kwa mwendo wa taratibu, na inhela ya bluu iwe mfukoni mwake. Begi lililobaki kwenye basi halitamsaidia akibanwa njiani. Mwalimu ajue dalili: mtoto akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, au midomo ikibadilika rangi, apewe dawa mara moja na apelekwe hospitali.

Mwenye selimundu naye asifungiwe ndani. Kanda yetu ya Ziwa ina watoto wengi wenye ugonjwa huu. Wao huumizwa na kiu, baridi na kujichosha kupita kiasi. Achague njia fupi, anywe maji kabla ya kusikia kiu, apumzike anapotaka bila kusimangwa, na asiache dawa zake nyumbani. Akipata homa, maumivu makali au shida ya kupumua, safari imeishia hapo, aende hospitali.

Na ninyi wazazi mnaowasindikiza, mlima utawapima pia. Kipimo ni rahisi: ukitembea unatakiwa uweze kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi. Maumivu ya kifua yanayokuja unapopanda na kuacha unapokaa si gesi. Simama, kisha umwone daktari. Mwenye kisukari anayetumia insulini abebe kitu cha sukari na akague miguu yake jioni. Na wewe uliyefanya kazi miaka mingi kwenye vumbi la machimbo Geita au Kahama, ukihema kwa mwinuko mdogo usiseme ni uzee. Nenda ukapimwe kifua na makohozi, kwa sababu vumbi la mawe huharibu mapafu kimyakimya na hurahisisha kifua kikuu kuingia.

Mazoezi hayasubiri Lushoto. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki, na watoto wa umri wa shule wastani wa dakika 60 kwa siku. Anzeni jioni hii kwa kuzunguka uwanja wa Kambarage, mzazi na mtoto pamoja. Utaona mwenyewe nani anachoka mapema, na utakuwa na muda wa kutafuta sababu.

Fomu ya yule mama bado haijasainiwa. Mtoto ameanza tena dawa ya kuzuia, na watarudi baada ya wiki nne. Kama atakuwa analala bila kukohoa na anamaliza mpira wake, mama atasaini mbele yangu. Kama bado, tutabadilisha matibabu na kutafuta njia fupi zaidi. Nawe mwenye mtoto kama huyu, kabla hujaandika “hapana” kwenye fomu, njoo kwanza kliniki.