Kizibo cha Soda Kinatosha

Nikisema "tokeni" nyumbani Kasoli, kila mtu anafikiria LUKU. Mimi nazungumzia Magic: The Gathering, mchezo wa karata alioubuni Richard Garfield na uliotolewa mwaka 1993, nilioujulia chuoni ninakosomea uzamili. Juzi mwenzangu aligoma kucheza nami kwa sababu askari wangu walikuwa vizibo vya soda. "Nunua tokeni za kweli," akasema.

Za kweli zipi? Kwa kanuni za mchezo huo, tokeni si karata. Huipangi kwenye fungu lako, wala huivuti. Karata nyingine ndiyo inayoizaa: inakuambia weka askari wawili, wenye nguvu moja na uhai mmoja kila mmoja, nawe unaweka. Wanashambulia, wanakinga, wanakufa kama viumbe wengine. Tofauti ni kwamba tokeni ikishatoka uwanjani, hata kwa kurudishwa mkononi, inatoweka moja kwa moja. Kinachotakiwa ni wachezaji wote waelewe kile kitu kinasimama badala ya nini. Picha ni pambo.

Tumekua tukicheza drafti kwa vizibo. Ukipandisha kimoja juu ya kingine, hicho ni kingi, na sijaona mtu akikataa kuliwa eti kingi ni cha soda.

Karata zenyewe ni ghali. Anayedai na tokeni zinunuliwe anatoza kiingilio ambacho kanuni hazikukiweka. Likizo nilimfundisha mdogo wangu kwa mbegu za pamba, maana kwetu hazikosekani. Akanifunga.